Daftari la SACCO likihamia winguni, ufunguo ubaki kwa wenyewe

Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala mliyoichapisha hivi karibuni ikizihimiza ofisi ndogo ziachane na kompyuta zao na kuhamishia kazi zote kwenye wingu, yaani kompyuta za kampuni za mbali zinazofikiwa kwa intaneti. Mwandishi amelichukulia jambo hilo kama mechi ya mpira: upande huu Microsoft, upande ule Google, na msomaji atakiwa kuchagua timu. Mimi ni mtunza hesabu wa chama cha akiba na mikopo, yaani SACCO, hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa nikiandika akiba za wakulima wa tumbaku na muhogo, wauza samaki wakavu, waendesha boda boda, walimu wa shule za msingi na akina mama wa sokoni. Swali la kampuni ipi ni bora hunijia mara chache. Linalonikosesha usingizi ni jingine: siku mwanachama atakaposimama mbele ya dirisha la keshia akiuliza ana shilingi ngapi, je, tutaweza kumjibu bila kuomba ruhusa ya mtu aliye mbali?

Waliotutangulia walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari letu la kwanza lilikuwa leja yenye jalada gumu, likifungiwa katika kabati la chuma, na wazee waanzilishi wa chama walilitunza kama mtoto. Kisha ikaja kompyuta moja, na mwaka 2017 wezi walivunja dirisha usiku wakaichukua pamoja na flashi iliyokuwa na nakala rudufu, kwa sababu flashi yenyewe tulikuwa tunaiweka kwenye droo ya meza ileile. Tulitumia miezi miwili kuandika upya akaunti za wanachama kwa kufuata stakabadhi walizotuletea wenyewe, nyingine zimelowa mvua, nyingine zimeliwa na mchwa, na wale ambao hawakuwa wametunza karatasi zao tulilazimika kuwaamini kwa kauli yao mbele ya mashahidi. Naeleza haya ili msomaji asidhani kwamba naliogopa wingu kwa ushamba. Anayekuambia kwamba kompyuta iliyo ofisini kwako ni salama kwa kuwa unaiona kwa macho hajawahi kufungua mlango asubuhi ya Jumatatu akaikuta meza tupu.

Ndiyo maana, mwishoni mwa mwaka 2019, bodi yetu ilipojadili kuhamishia hesabu kwenye programu inayofanya kazi kupitia intaneti, mimi ndiye niliyeunga mkono kuliko wote. Faida zilionekana mapema. Tawi letu dogo la Koboko lilianza kuona salio lilelile tulilokuwa tunaliona sisi. Mkaguzi wa hesabu aliye Kampala, ambaye zamani alisafiri usiku kucha kwa basi ili kuja kufungua mafaili yetu, alianza kuyasoma akiwa ofisini kwake. Umeme ulipokatika, jambo ambalo sisi wa eneo hili la West Nile tuliokaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa tumelizoea, karani aliendelea na kazi kwa simu. Chama chenye kompyuta sita kuukuu na makarani wanne hakiwezi kumwajiri mtaalamu wa kulinda seva, yaani kompyuta zinazohifadhi mafaili ya wengi, usiku na mchana, ilhali kampuni kubwa za wingu zina wataalamu wa namna hiyo wengi. Hayo ni kweli, na sitayapunguza.

Kisha ikafika Januari 2021. Jioni ya tarehe 13, usiku wa kuamkia uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, nayo haikurudi hadi tarehe 18. Ijumaa ya tarehe 15 tulifungua ofisi kama kawaida, na mtu wa kwanza kuingia alikuwa mama mmoja mjane aliyefiwa na kaka yake usiku ule na aliyehitaji fedha za sanda, jeneza na chakula cha waombolezaji. Pesa taslimu zilikuwamo kwenye sefu. Mama alikuwa na kitabu chake mkononi, lakini kitabu hicho tulikuwa tumeacha kukijaza tangu tuhamie kwenye mfumo mpya, kwa kujiaminisha kwamba karatasi zimepitwa na wakati. Keshia aliitazama kompyuta, kompyuta ikazungusha duara lake, na mama akaendelea kusimama. Hatimaye tulimpa sehemu ya alichoomba kwa kukadiria, kwa saini ya meneja na yangu, naye akaondoka akitutazama kama watu waliokula akiba yake. Alirudi wiki iliyofuata akapewa iliyobaki, na hesabu ikaonyesha kwamba alikuwa na haki ya kupewa yote tangu siku ile ya kwanza. Sijaisahau sura yake.

Siandiki haya ili niingie katika siasa za nani aliagiza nini. Nasema tu kwamba haikuwa mara ya kwanza, kwa maana siku ya kupiga kura ya 18 Februari 2016 mitandao ya kijamii na huduma za pesa kwa simu zilifungwa vilevile, na kwamba uchaguzi mkuu mwingine ulipangwa Januari 2026. Mtunza hesabu anayeyajua hayo yote na bado hana nakala ya daftari lake mahali ambapo intaneti haihitajiki, amezembea, hata kama programu anayoitumia ni bora kuliko zote duniani.

Nadhani neno lenyewe, wingu, limetupotosha. Wingu la mvua halina mwenyewe wala anwani. Hili la kompyuta lina mwenyewe, lina anwani, lina jengo lenye kuta na mitambo ya kupoza joto, na lina sheria za nchi lilimojengwa. Kwa upande wetu wa Afrika, Microsoft ilifungua vituo vya wingu lake liitwalo Azure huko Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020, na Google ikafika Johannesburg mwaka 2024. Kutoka Arua hadi huko daftari linasafiri kwa mkongo wa nchi kavu hadi Kampala, kisha linavuka mpaka, kwa kuwa Uganda haina bahari, hadi Mombasa au Dar es Salaam zinakotua kebo za baharini kama SEACOM, iliyoanza kazi mwaka 2009, na EASSy, iliyoanza mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 kebo hizo mbili ziliharibika kwa wakati mmoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki yote ikahisi. Siku zile hakuna faili lililopotea. Mafaili yalikuwa salama kabisa huko yaliko, ila sisi hatukuweza kuyafikia, na kwa mtu aliye dirishani akisubiri pesa zake tofauti hiyo haina maana yoyote.

Hapa niseme jambo ambalo makala yenu haikuligusa hata kidogo. Wingu linaweza kuwa karibu. Kampala ina kituo cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti, UIXP, tangu mwaka 2001, ambapo mawasiliano ya mtandao mmoja wa nchini yanaweza kuingia mtandao mwingine wa nchini bila kwenda ng'ambo na kurudi. Huko Namanve kuna kituo cha data cha Raxio kilichofunguliwa mwaka 2021. Mtoa huduma anayeweka seva zake ndani ya nchi hatatuokoa na kila janga, lakini angalau nanga ya meli inayokata kebo kilomita maelfu kutoka hapa haitamzuia mwalimu wa Maracha kuona akiba yake. Nimewauliza watoa huduma watatu waliotutembelea mwaka huu seva zao ziko wapi. Mmoja tu ndiye aliyejibu kwa kutaja mji. Wawili walisema "kwenye wingu", kana kwamba nimewauliza swali la kitoto.

Wapo wanaoamini kwamba ukubwa wa kampuni ni dhamana tosha. Mei 2024, mfuko wa pensheni wa Australia uitwao UniSuper, wenye wanachama zaidi ya nusu milioni, ulikuta mifumo yake iliyokuwa kwenye wingu la Google imefutwa, na chanzo kilikuwa nafasi moja iliyoachwa wazi wakati wa kuandaa huduma hiyo, ambayo iliufanya mfumo uione huduma kuwa ya muda, na muda huo ulipokwisha ukaifuta. Kilichosaidia kuwaokoa wastaafu wale ni kwamba mfuko ulikuwa umehifadhi nakala rudufu kwa mtoa huduma mwingine kabisa. Linganisha na yaliyotokea Daejeon, Korea Kusini, tarehe 26 Septemba 2025: moto wa betri uliteketeza mitambo katika kituo cha data cha serikali, na hifadhi iliyoitwa G-Drive, ambamo watumishi wa umma waliweka mafaili yao ya kazi, ikapotea na terabaiti 858 zilizokuwamo, kwa sababu haikuwa na nakala mahali pengine. Wa kwanza walitegemea kampuni ya kigeni wakapona. Wa pili walitegemea serikali yao wenyewe, katika moja ya nchi zilizoendelea kuliko zote kwa teknolojia, wakapoteza. Kilichowatenganisha ni nakala ya pili iliyo katika mikono mingine. Jina lililoandikwa mlangoni mwa kituo halikuwa na kazi hapo.

Hata hivyo, kuzima kwa intaneti na kuungua kwa vituo ni mambo ya siku chache katika miaka mingi. Hatari iliyotukaribia zaidi ilikuwa ndogo, ya kila siku, na tuliitengeneza wenyewe. Akaunti kuu ya mfumo wetu ilifunguliwa kwa baruapepe binafsi ya karani aliyekuwa kijana na hodari wa kompyuta kutuzidi sote, na namba ya kuthibitisha ilikuwa ikitumwa kwenye laini yake ya simu. Kijana huyo alipata kazi Juba, akaondoka kwa heshima na baraka zetu, na baada ya muda laini yake ya Uganda, kwa kuwa haikutumika, ikafungwa na kupewa mtu mwingine. Siku mfumo ulipotaka tuthibitishe upya, ujumbe wenye namba ya siri ulikwenda kwa mtu tusiyemjua. Tulimwandikia mtoa huduma. Jibu la kwanza liliandikwa na mashine, la pili pia, na la tatu lilitutaka tuthibitishe kwamba sisi ndio wenye akaunti kwa kutumia ileile namba tuliyokuwa tumeipoteza. Hakukuwa na ofisi ya kwenda wala mtu wa kuketi naye mezani. Tulikaa siku kumi na tisa nje ya daftari letu, huku tukiandika miamala kwenye leja ya mkono, mpaka kijana wetu alipopata ruhusa, akasafiri kutoka Juba na kutusaidia kufungua kwa kompyuta yake ya zamani ambayo bado ilikuwa inakumbukwa na mfumo. Ningependa kila mwenyekiti wa SACCO anayesoma barua hii aulize leo, kabla ya kulala, akaunti kuu ya chama chake imefunguliwa kwa jina la nani na kwa simu ya nani.

Kuhusu aina za kompyuta zenyewe, nitasema kwa kuwa makala ilizisema, na kwa kuwa mwaka 2025 jambo hili lilitugusa mfukoni. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10, ambayo ndiyo iliyokuwamo kwenye kompyuta zetu zote sita. Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, na mashine zetu, tulizozinunua zikiwa zimekwisha tumika Ulaya, hazina sifa hizo. Ofisi inayotaka kuendelea kupata marekebisho ya usalama inatozwa dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, na bei hiyo huongezeka maradufu kila mwaka hadi mwaka wa tatu. Mtu wa nyumbani alipewa nafasi ya kuongezewa mwaka mmoja kwa dola 30, au bila malipo iwapo angekubali kuingia kwa akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake kwenye wingu la kampuni hiyohiyo. Msomaji aiangalie vizuri njia hiyo ya bure inaelekea wapi. Mashindano ya majukwaa ya kompyuta yameacha kuwa ya nani anatengeneza mashine nzuri. Sasa ni ya nani atakayekaa na vitu vyako.

Kompyuta nne kati ya zile sita tumeziwekea Ubuntu, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, wa ukoo wa Linux, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ambao jina lake halihitaji kufasiriwa kwa Mswahili anayejua neno utu, wala kwa jirani yangu Muganda anayesema obuntu. Hautozwi leseni, na mashine za zamani zinaumudu. Sitadai kwamba makarani waliupokea kwa vigelegele. Wiki mbili za kwanza zilikuwa za manung'uniko, printa moja ilikataa kabisa kutambuliwa, na jedwali la mikopo lililotengenezwa kwa Excel lilipofunguliwa kwa LibreOffice, programu ya ofisi isiyolipiwa, lilipoteza baadhi ya mapambo yake, ingawa hesabu zilibaki sahihi. Kompyuta mbili tumeziacha na Windows kwa ajili ya ile printa na kwa ajili ya programu moja ya kodi, na sioni aibu kukaa na mifumo miwili chini ya paa moja. Jimbo la Schleswig-Holstein nchini Ujerumani, lenye fedha na wataalamu kuliko sisi kwa mbali, lilitangaza Aprili 2024 kwamba kompyuta zake zipatazo 30,000 zitahamia LibreOffice, kwa hiyo hili si jambo la maskini peke yao. Na sisi wa lugha hii tuna historia yetu hapo: mwaka uleule wa 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Inanisikitisha kwamba miaka zaidi ya 20 baadaye ni wachache mno wanaoikumbuka.

Ninachosisitiza katika hayo yote ni umbo la faili. Jedwali lililohifadhiwa kwa mpangilio ulio wazi, yaani usiofungwa na kampuni moja, kama ule wa ODF uliokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2006, au hata jedwali la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, linafunguka leo kwa Windows, kwa Linux, kwa Chromebook na kwa simu janja, na mjukuu wangu atalifungua kwa mashine ambayo bado haijabuniwa. Mtoa huduma asiyekuruhusu kutoa daftari lako lote kwa umbo la namna hiyo, siku yoyote unayotaka, bila malipo ya ziada na bila kumpigia mtu simu, amekufungia ndani. Haijalishi ukurasa wake unapendeza kiasi gani.

Sheria ipo, ingawa haijatufikia vijijini. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka data za watu zinazohifadhiwa nje ya Uganda zipate huko ulinzi usiopungua ule unaotolewa na sheria yetu, au mwenye data awe ameridhia. Julai 2025 Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliamua kwamba Google ilikuwa inakusanya na kuhamisha nje data za Waganda bila kujisajili nchini, ikaiagiza ijisajili ndani ya siku 30. Uamuzi huo umenipa moyo, kwa kuwa umeonyesha kwamba kampuni kubwa nayo inaweza kuulizwa swali na ofisi iliyo Kampala. Lakini sisi wenye SACCO tusijifiche nyuma ya Google. Tunashika majina, picha, namba za vitambulisho na madeni ya maelfu ya watu, na ni wanachama wangapi waliowahi kuulizwa iwapo wanaridhia madeni yao yakae Johannesburg? Katika chama chetu, hadi mkutano mkuu wa mwaka jana, hakuna aliyeulizwa, na mimi nilikuwa mmoja wa waliopaswa kuuliza.

Kwa hiyo naiomba Mamlaka ya Usimamizi wa Taasisi Ndogo za Fedha, UMRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, iongeze mambo matatu katika masharti ya leseni: kwamba chama kiwe na nakala kamili ya daftari lake isiyohitaji intaneti kufunguliwa, kwamba mkataba na mtoa huduma wa wingu utaje nchi zinakokaa seva na namna ya kuondoka, na kwamba akaunti kuu iandikishwe kwa jina la chama, na watu wawili au zaidi wawe na uwezo wa kuifungua. Hayatagharimu sana. Diski ya nje ya terabaiti moja ni nafuu kuliko mkutano mkuu wa dharura wa wanachama waliokasirika. Naomba pia Bunge litazame upya ushuru wa asilimia 12 uliowekwa kwenye bando la intaneti tangu Julai 2021, kwani huwezi kuwahimiza watu wahamie winguni huku ukiwatoza kila wanapopanda ngazi.

Chama chetu bado kiko kwenye wingu, na sikusudii kupendekeza kitoke. Kila Ijumaa saa kumi jioni, keshia hupakua daftari zima kwenye diski mbili. Moja hubaki kwenye sefu, na nyingine huchukuliwa na mweka hazina hadi nyumbani kwake, mtaa mwingine kabisa, ikiwa imefungwa kwa nywila ambayo nusu yake anaijua yeye na nusu anaijua mwenyekiti. Vitabu vya wanachama tumevirudisha, na salio huandikwa kwa kalamu kila mtu anapoweka au kutoa. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunachomoa waya wa intaneti, tunafungua diski ya mweka hazina kwenye kompyuta ya Linux, na karani anasoma salio la wanachama watano waliochaguliwa kwa kura, wenyewe wakiwa wameketi hapo na vitabu vyao. Mwezi uliopita mmoja wa hao watano alikuwa yule mama wa Januari 2021. Alisomewa salio lake, akalilinganisha na kitabu tarakimu kwa tarakimu, kisha akaomba lisomwe tena.

Mtunza hesabu wa SACCO,
Arua, Uganda